Mtu Aliyebaki Ndani ya Samaki

Lubumbashi, 12 Februari 2024

Mama Mukubwa Augustine,

Jambo yako, na jambo kwa wote walio ndani ya lupango lako. Sisi huku ni wazima. Chancelvie amepona malaria, ila anasema ni mimi niliyemwambukiza, kana kwamba ameolewa na mbu. Mtoto ameota meno mawili ya mbele na anayajaribu kwenye kila kitu. Juzi alitafuna kurasa za Mambo ya Walawi nilizoleta nyumbani kusahihisha, na ofisini hakuna aliyelalamika, maana kurasa zile zilikuwa zimeshakataliwa.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Asante kwa namna ulivyotusikiliza mwezi uliopita, nilipokuja Kamina kukusomea sura ya kwanza ya kitabu cha Yona kwa lugha yetu ya Kishilwe. Ulirudia yote bila kuacha kitu: mtu aliyetumwa huku akakimbilia kule, dhoruba, mabaharia kumtupa majini, samaki mkubwa kummeza. Dhoruba uliifanya mpaka kwa mikono. Direkta wetu, bwana Basile, amesikiliza sauti niliyorekodi, nikimtafsiria, na anasema hajapata kuona masikio mapya kama hayo.

Unajua kazi yetu inavyokwenda. Tukishatafsiri, tunatafuta mtu wa lugha ile ile ambaye hajawahi kuisikia hadithi, tunamsomea, naye anatuambia alichoelewa. Bila huyo, kitabu hakipigwi chapa. Sasa Bashilwe wa Kamina tumekwisha kuwamaliza wote kwa Marko na Ruthu, na wote wamezoea, wanajibu hata kabla ya swali. Kijijini, ng'ambo ya Kabondo-Dianda, ndiyo kabisa: wale ni wavuvi, na mchungaji wao hana mahubiri mengine zaidi ya Yona. Umebaki wewe peke yako, uliyeacha Marko katikati, na ambaye Jumapili zote za maisha yako ulikuwa gare unauza vitumbua treni inapofika.

Kwa hiyo ofisi inakuomba mambo haya. Usiulize mtu habari ya Yona. Usiende kanisani kwanza. Na mimi nawe tusiongee kwa simu, kwa sababu bwana Basile anaamini sauti yangu inaweza kukuonyesha mwisho wa hadithi. Tuandikiane tu, kwa Kiswahili, maana barua zangu lazima azisome kabla sijazifunga, na Kishilwe haelewi. Sura ya pili tutakuja kukusomea mwezi wa tatu, mshauri anayepima tafsiri akifika.

Mtoto wako,
Ambroise


Kamina, 10 Machi 2024

Mtoto wangu Ambroise,

Jambo. Barua yako nimepewa na Mulanga, yule anayefanya kazi kwenye treni, leo Jumapili. Treni yenyewe ilikuwa ya Jumapili iliyopita. Chancelvie mwambie ana haki, wewe tangu utoto ulikuwa mtu wa kuleta magonjwa nyumbani, surua yote ya mtaa huu ilianzia kwako. Mtoto mpe mfupa wa kuku, aache Biblia. Hapa mahindi mabichi ya Kaniama yameanza kufika na gare nzima inatafuna. Mgongo wangu unauma kama kawaida yake, nisipoutaja utafikiri nimekufa.

Yule mtu wenu bado yuko ndani?

Nauliza kwa sababu mwezi wa tatu umefika na sijaona mshauri wala sura ya pili. Wewe ulifunga kitabu mtu akiwa tumboni mwa samaki, ukanywa chai, ukapanda treni. Mimi nimebaki naye. Nikikanda unga, yuko ndani. Nikilala, yuko ndani.

Na hapa mtaani umenifanya niwe mwenye ukoma. Mchungaji Ngandu, aliyeonywa na ofisi yenu, alikuja mpaka kwangu, amevaa tai, akakaa kwenye kiti changu kizuri, akasema: "Mama, kanisa iko ya bantu yote. Lakini weye, ngoja kwanza." Nimeishi mtaa huu wa watu wa reli tangu marehemu mume wangu alipoanza kazi ya kugeuza njia za treni, na hao wachungaji wamekuwa wakiniita kanisani miaka yote. Sasa nikataka kuingia, nikafukuzwa. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wanaimba wimbo mmoja wa samaki. Nikipita, mwalimu wao anawafunga mdomo kwa mkono, mmoja mmoja, na wako wengi.

Mimi naahidi, sitauliza mtu wa Kamina. Lakini wewe si mtu wa Kamina tena. Niandikie neno moja tu: mzima, au maiti.

Mama yako mukubwa,
Augustine


Lubumbashi, 21 Aprili 2024

Mama Mukubwa,

Jambo yako. Sisi wazima. Mtoto ameanza kusimama kwa kushika suruali yangu. Chancelvie anakusalimu, anasema habari ya surua ameipenda sana na ameirudia kwa majirani. Bwana Basile naye anakusalimu. Yuko nyuma ya bega langu ninapoandika haya.

Pole kwa kungoja. Mshauri wetu anatoka nchi ya milima, mbali, huko Asia, na anaitwa bwana Dhanraj. Yeye mwenyewe ni mtu wa lugha ndogo, moja katika zile lugha za Kiranti, na aliitafsiri Biblia ya kwao ndiyo maana amepewa kazi ya kupima za wengine. Ananiandikia kwamba kitabu hiki kilimtesa kuliko vyote. Mito ya kwao inashuka kutoka kwenye theluji, na samaki wake hawazidi kiganja. Wazee walipomsikiliza walikubaliana kwamba Yona alikuwa mtu mdogo sana, na wakaanza kumhurumia kwa umbo lake. Walikaa mwaka mzima kwenye aya ile moja. Kwa hiyo anapenda sana kuja kuwaona watu wanaojua samaki, ila viza yake haijatoka.

Swali lako nimelipata. Siwezi kulijibu. Naweza kukuambia kwamba mabaharia walifika salama, lakini hilo unalijua.

Mama, niruhusu nikuulize nami. Ulipokuwa unatusikiliza tukisoma Marko mwaka ule, kabla hujachoka na kusema hutaki tena kitabu chenye watu wengi namna ile, hukujali nani amekufa na nani amefufuka. Mbona huyu mmoja?

Mtoto wako,
Ambroise


Kamina, 19 Mei 2024

Mtoto wangu Ambroise,

Jambo. Mvua zimekwisha, vumbi limerudi na macho yangu yamekuwa mekundu, watu wanadhani nimeanza kunywa. Mtoto akianza kutembea usimkimbilie akianguka. Msalimie direkta wako, umwambie atoke nyuma ya bega la mtu, kwetu ni wachawi wanaosimama hivyo.

Swali lako silijibu. Wewe una siri yako, mimi nina yangu.

Nakuambia tu hali ya huku. Mianda, yule anayeuza samaki wa Bukama karibu na meza yangu, amekasirika na mimi. Habari imeenea, na siku hizi akipata kambale mkubwa anampasua taratibu, kwa heshima, huku watu wamesimama wanatazama kama wako hospitali. Akimaliza na hakuna mtu ndani, watu wanashusha pumzi, wanaondoka. Hakuna anayenunua. Mianda anasema samaki wake wamegeuka kuwa mahakama.

Tshilombo, mke wa karani, wale waliotoka Kasai, ana Biblia ya Tshiluba. Alinionea huruma akaja na kitabu chini ya kitambaa, akasema Tshiluba si Kishilwe, kwa hiyo si dhambi. Nikaziba masikio. Naye akapaza sauti. Nikaanza kuimba. Majirani walikuja kutuamua wakidhani tunagombana kwa ajili ya mume.

Sasa nijibu mambo madogo, haya si mwisho wa hadithi. Samaki yule alikuwa wa mto au wa maji makubwa? Ndani ya samaki kuna hewa? Mtu akiwa mle anajua kama ni mchana? Nimewauliza wavuvi, wanasema katika Lualaba hakuna samaki wa kumeza mtu mzima. Kiboko anaweza kukata, mamba anaweza kuficha, lakini kumeza na kumtunza, hapana. Nikawaambia nyinyi hamjui yote.

Mjomba wako Kisimba alikuja kutoka Bukama kwa shauri la ukoo. Nimemwambia angoje. Hilo si la kuandika.

Mama yako mukubwa,
Augustine


Lubumbashi, 9 Juni 2024

Mama Mukubwa,

Jambo yako. Barua hii bwana Basile hajaiona. Naandika nyumbani, na Mulanga nitampa mkononi.

Mjomba Kisimba alipita hapa. Hakunywa hata maji. Aliniambia yote akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na mimi niliona haya kwa sababu mambo haya ni mimi niliyeyaanzisha.

Amesema ukoo ulikuwa umeshakubaliana. Miaka mitatu tangu mtumbwi uzame chini ya Bukama na mwanao Lumbu kupotea nao, na kwetu mtu ambaye maji hayakumrudisha anazikwa kwa shina la mgomba, lifungwe sanda, liwekwe kaburini, ndipo kilio kitolewe. Wewe mwenyewe ulikuwa umeanza kulainika, Krismasi. Halafu nikaja mimi na sura yangu ya kwanza. Sasa shina limekatwa mara mbili na limeoza mara mbili. Binti wa mjomba, Christelle, hawezi kuolewa wakati nyumba ina kilio kisichotolewa, na wakwe wameuliza sababu, na mjomba ameshindwa kuwaambia watu wazima kwamba arusi inamngoja mtu mmoja atoke ndani ya samaki. Alisema maneno haya, nakuandikia kama alivyoyasema: "Muntu ya mu samaki haiko ndugu yetu. Lumbu njo ndugu yetu. Mwambie mama yako azike mutoto."

Sikujua, Mama. Ningejua, ningekusomea Mithali.

Sasa sikiliza. Viza ya bwana Dhanraj imetoka, lakini amepata safari nyingine kwanza, na hajui kama ni Julai au Agosti. Siwezi kukuacha hivi mpaka hapo. Ukiniuliza tena mara moja, nitakuandikia mwisho. Kitabu kitaanguka, maana hatuna masikio mengine, na bwana Basile atanifukuza, na atakuwa na haki. Miaka sita ya kazi. Nimeshamwambia Chancelvie, akalia kidogo, kisha akasema niandike.

Lakini naogopa pia kwa jambo lingine, na nalisema wazi. Nikikuambia hakutoka, nitakuwa nimemuua Lumbu mara ya pili. Nikikuambia alitoka, utakaa kando ya reli ukimngoja mpaka uzeeke. Sijui lipi ni baya zaidi. Uliza tu, nami nitajibu kweli.

Mtoto wako anayekupenda,
Ambroise


Kamina, 30 Juni 2024

Ambroise,

Jambo. Baridi imeingia, asubuhi mafuta ya vitumbua yanaganda kabla sijawasha moto. Mwambie Chancelvie mama yake mkwe wa huku amemshukuru kwa yale machozi kidogo. Na kwa kukubali.

Siulizi.

Nisikie vizuri. Nimekasirika na Kisimba kwa kubeba habari zangu mpaka Lubumbashi, atanisikia. Lakini kwa kuwa umeshajua, basi nikuambie kwa nini sitaki jibu lako. Tangu siku ile mtumbwi ulipozama kila mtu ananiambia mambo ya kunituliza. Mmoja anasema alimwona Lumbu huko Kongolo anauza chumvi. Mwingine anasema hakuteseka, ilikuwa haraka, na yeye hakuwepo. Mchungaji anasema amelala. Wote wananipenda, na kwa sababu wananipenda siwezi kuamini hata mmoja. Wewe nawe ni mtoto wa mdogo wangu, nimekubeba mgongoni. Ukiandika mzima nitasema ni huruma, ukiandika maiti nitasema ni Kisimba amekutuma.

Kitabu hakinijui. Nitangoja kitabu.

Usipoteze kazi kwa ajili yangu, mke wako atalia sana safari hiyo. Kisimba nimemwambia akate shina la tatu mwezi wa nane, na alifunike vizuri. Yeye akasema mgomba ni wake na atakata anavyotaka. Tumeachana hapo.

Unakumbuka nilikuuliza kama mtu akiwa mle anajua ni mchana? Hukujibu. Najua ni kwa sababu ya sheria, lakini hata hapo nililala vibaya.

Mama yako mukubwa,
Augustine


Kamina, 18 Agosti 2024

Mtoto wangu Ambroise,

Jambo yako, na kwa Chancelvie na kwa mtoto, ambaye nasikia amekwenda hatua zake za kwanza akielekea kwenye sufuria. Christelle anaolewa mwezi wa tisa, mjiandae. Mianda ameanza kuuza tena.

Bwana Dhanraj alikuja. Wewe safari hii walikukataza kuwapo kwa sababu ni ndugu, kwa hiyo nakusimulia. Ni mtu mfupi, mpole, alikula bukari ya mahindi kwa adabu na kambale kwa hofu. Alimshika yule kambale mkia, akamgeuza, akamwambia mkalimani kwamba sasa anaelewa. Tulikaa nyumbani kwangu. Mchungaji Ngandu na nusu ya gare walikuwa nje ya ukuta, maana wote walitaka kuona uso wangu nikisikia. Mulanga aliniambia baadaye hata treni ilikawia kuondoka, ingawa treni haihitaji sababu.

Msomaji akasoma sura ya pili.

Mtoto wangu, mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili, ametoka au hakutoka. Sikujua kwamba mle ndani mtu anasema. Hakuna aliyeniambia hivyo, hata Tshilombo alipokuwa anapaza sauti. Akaanza kusoma mtu yule anavyolia kutoka chini, kwamba maji yamemfika shingoni, magugu ya mto yamemfunga kichwa, mlango wa nchi umefungwa nyuma yake, naye bado anasema. Na anasema Kishilwe. Siyo Kishilwe cha ofisini, ni kile cha nyumbani, kile Lumbu alichotumia akiniomba chakula. Nikamwambia msomaji rudia. Akarudia. Nikamwambia tena. Mkalimani akasema sheria ni mara mbili tu. Bwana Dhanraj akaweka kalamu chini akasema arudie.

Kisha wakaniambia nieleze nilichosikia. Nikaeleza ile sala, yote, nadhani sikuacha neno.

"Na kisha ikakuwa nini?" mkalimani akauliza.

"Aliomba," nikasema.

"Na kisha?"

"Akasikika."

Wakatazamana. Wakauliza tena, na kisha, na kisha, kama watoto. Mwisho nikawaambia ndiyo, samaki alimtapika kwenye nchi kavu, nimesikia, mimi si kiziwi. Nje ya ukuta watu wakapiga makofi na Mianda akapiga kigelegele. Waliniona kama ni mimi niliyetapikwa.

Sura zilizobaki nilizisikiliza, nazo zinaeleweka, mwambie direkta wako. Mtu anakwenda mjini, anakasirika, anakaa juani, na kitabu kinaisha Mungu akiuliza habari za ng'ombe. Nikauliza mama yake je. Bwana Dhanraj akasema hayumo. Nikasema basi, mtu akitoka mle haendi kwa mama yake, ana kazi nyingine. Akaandika, sijui aliandika nini, lakini aliandika muda mrefu. Alipoaga alinishika mkono kwa mikono yake miwili na mkalimani hakuwa na cha kutafsiri.

Jana tumemzika Lumbu. Kisimba alileta shina zuri, nene, nikalifunga sanda mwenyewe. Mchungaji alitaka kusoma Kiswahili, nikamwambia angoje kwanza. Nilikuwa nimeomba ile karatasi ya sura ya pili, wakaniachia. Nikasoma mimi. Nilipofika kwenye magugu nikakaa chini pale pale kwenye udongo, nikalia. Nililia kwa nguvu, mtoto wangu, kama siku ile nilivyopaswa kulia nikakataa. Kisimba akachukua karatasi akamaliza kusoma, naye pia analia, na macho yake mabaya hayaoni vizuri, kwa hiyo alisoma polepole sana, na watu wote wakasikia.

Miaka mitatu nilikuwa najiuliza mtoto wangu alisema nini kule chini, na kama kulikuwa na mtu wa kumsikia. Sasa najua maneno yake.

Mwambie bwana Basile ile sala msiiguse tena. Iko sawa.

Mama yako mukubwa,
Augustine